Programu Zinazotudai Jina la Ukoo

Ni nani aliyeamua kwamba kila mwanadamu lazima awe na jina la ukoo? Katika familia nyingi za pwani yetu, jina la mtoto hufuatwa na la baba na la babu, lakini programu za mtandaoni za kuchora mti wa nasaba hulichukua la babu, hulifanya la ukoo, kisha baba na mwanawe huonekana na majina tofauti ya ukoo, kana kwamba hawajawahi kuonana! Na bibi aliyezaliwa mwaka wa njaa, tarehe yake tuitoe wapi? Tukitaka kuwashirikisha shangazi zetu, kila mmoja mara nyingi hudaiwa barua pepe na nywila, na wakati mwingine malipo, ndipo aruhusiwe kumwona baba yake mwenyewe! Faili za GEDCOM, muundo wa pamoja wa kuhifadhi data za nasaba, zipo tangu 1984 ili nasaba zihamishike kutoka programu moja hadi nyingine. Mbona basi tukihama, picha za wazee wetu mara nyingi hubaki kwenye programu tuliyoihama?