Watoto wangu walimwona twiga Florida kwanza

Dereva alipotusalimia "Jambo!", mwanangu mkubwa, wa miaka sita, aliitika kwa sauti gari zima likasikia: "Shikamoo!" Kijana wa watu akatabasamu, akapunga mkono, akarudia "Jambo". Mtoto akanigeukia, uso umemshuka. "Mama, mbona hajasema marahaba?"

Tulikuwa Florida, Marekani, Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani yenye wanyama, kwenye safari waliyoiita Kilimanjaro Safaris. Ipo tangu mahali pale palipofunguliwa mwaka 1998. Unaingilia mji wa kubuni uitwao Harambe, vibao vina Kiswahili, kuta zimechakazwa makusudi. Kuna mibuyu ya zege. Wanyama ni wazima: tembo, vifaru, simba, hata okapi, ambaye porini utamkuta Kongo tu. Kwa dakika kama 20 unatoka msituni hadi nyikani bila kuona uzio, maana wameuficha kwa mahandaki na vichaka.

Watanzania wenzangu hapa Atlanta walinisema sana. Saa saba barabarani, tiketi ya mtu mzima zaidi ya dola 100, eti mnakwenda kumwona twiga! Mimi nasema ilistahili, na nasema hivyo nikiwa mtu niliyekulia Iringa hadi kidato cha nne bila kukanyaga Hifadhi ya Ruaha hata siku moja.

Mwanangu mdogo ana miaka miwili na nusu. Subira ya mtoto wa umri huo ni dakika 20, basi. Pale hapimwi urefu ndipo aruhusiwe kupanda, anakaa katikati ya baba na mama chini ya paa, kigari chake kinamsubiri nje, na ukishuka choo kiko karibu, kina pa kubadilishia pampasi. Twiga alipokatiza mbele yetu gari lilisimama. Mdogo hakupiga kelele. Biskuti ilimdondoka mkononi, akabaki anaifuata ile shingo kwa macho mpaka ikaishia majanini. Kisha akasema, "Refu." Mtoto anayeshinda na Kiingereza kutwa kule anakolelewa mchana, neno lililomjia ni letu.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilimchukua mpwa wangu wa miaka minne tukaingia hifadhini. Saa sita ndani ya Landkruza. Alitaka choo mapema sana, na kushuka ovyo hairuhusiwi, simba hawana utani. Alilia, akalala. Tembo walipita kundi zima ameegemea begi langu, jasho linamtiririka. Dereva hana kosa. Safari zetu zimepangwa kwa mgeni mwenye kamera ndefu anayeweza kukaa kutwa akimngoja chui, na mtoto wetu anafuatana naye kama mzigo.

Kiingilio si kikwazo. Mwananchi hulipa kwa shilingi, na aliye chini ya miaka mitano halipi. Kinachotushinda ni gari la kukodi, ambalo kwa siku moja tu linaweza kula sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi. Kwa hiyo ombi langu ni dogo: gari la wazi la hifadhi yenyewe, la watu 30, lizunguke karibu na lango kwa saa moja, vyoo mwanzo na mwisho, tiketi kwa shilingi, kila Jumamosi. Mikumi ingefaa kuanzia. Bwawa la viboko haliko mbali na lango, na barabara kuu tayari inapita katikati ya hifadhi.

Maana mimi wanyama niliwaonea hapo hapo, dirishani mwa basi la Iringa kwenda Dar. Kondakta anagonga bodi, "Tembo kulia!", na abiria wote tunahamia kulia, mwenye mtoto mgongoni, mwenye ndoo ya vitunguu. Kando ya barabara kuna kibao cha faini kwa atakayegonga mnyama, kila mnyama na bei yake. Marehemu baba alikuwa akinisomea kile kibao kidole kikiwa kiooni, nami namsihi dereva kimoyomoyo apunguze mwendo.

Desemba tunakwenda. Nimemwambia kaka asitufuate Dar na gari lake. Tutapanda basi la asubuhi, watoto wakae dirishani. Mkubwa ameuliza kama dereva wa basi ataitika shikamoo yake. Nimemwambia ataitika, na kondakta pia, na bibi yeyote atakayekaa karibu naye.