Mtaa wa India, Bagamoyo: wenye nyumba na lawama ya saruji

Kila nyumba inapoporomoka katika Mtaa wa India, lawama huwashukia wenye nyumba: eti hawajali urithi, wanapiga lipu ya saruji juu ya kuta za karne ya 19. Kwa upande wa ufundi, wanaolaumu wana hoja. Ukuta wa mawe ya matumbawe hufyonza unyevu wenye chumvi na kuutoa kupitia chokaa. Saruji ikiuziba, lipu hufura, kisha humeguka pamoja na gamba la jiwe lenyewe.

Hata hivyo, mtaa huu haukuuliwa na saruji. Ghorofa zake, chini duka na ghala, juu makazi, zililipiwa na pembe za ndovu zilizoshushwa na wapagazi kutoka bara, na sandarusi, utomvu mgumu wa miti wa kutengenezea vanishi, ya ukanda wa pwani. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Mwaka 1905 ujenzi wa reli ya kati ukaanzia huko huko, na ilipofika Kigoma mwaka 1914, njia ya misafara ilikuwa imekwisha kazi. Forodha ya mwaka 1895 na Boma, jengo la utawala wa Wajerumani, la mwaka 1897 vilijengwa, kwa hiyo, katika mji uliokwisha kupokonywa cheo chake. Wenye nyumba wa leo wamerithi kuta nene bila biashara iliyokuwa ikizitunza.

Sheria nayo inashangaza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja jengo la kabla ya 1863, ilhali mlango wa nakshi hulindwa ikiwa ulichongwa kabla ya 1940. Ghorofa iliyojengwa miaka ya 1880 husubiri tamko la waziri, lakini mlango wake hausubiri lolote. Nani basi alinde ukuta unaoushikilia?

Tuseme mwenye nyumba ametii, akaacha saruji na kukarabati kwa vifaa vya asili. Dari yake inataka boriti za mikoko, na misitu ya mikoko ni hifadhi, haikatwi bila kibali. Chokaa inataka tanuri na fundi anayejua kuichanganya, wakati saruji inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Serikali ile ile inadai boriti kwa mkono mmoja na kuizuia kwa mwingine. Kibali cha ukarabati kingeweza kutolewa pamoja na kibali cha boriti chache zinazotajwa ndani yake, na kwa ada moja.