Mjusi Kwenye Kitanda cha Harusi

Mjomba wangu ni seremala wa Ngamiani, hapa Tanga, na kwa nakshi hana mpinzani. Ila kazi yenye tarehe haipendi. Kwa hiyo Bi mkubwa mmoja wa Chumbageni alipokuja kuagiza samadari ya mjukuu wake anayeolewa, iwe sawasawa na ile anayolalia yeye, ua kwa ua, jani kwa jani, binamu yangu aliitikia haraka kabla mzee hajasema "tutaarifiana".

Binamu alikuwa amerudi kutoka Dar na kompyuta yake na mashine ya CNC aliyoinunua kwa ubia na wenzake. Ni meza ya chuma yenye kisu kinachozunguka mara 18,000 kwa dakika. Unaipa faili, kisu kinatambaa huku na huku, kinapanda na kushuka, kinakula ubao mpaka umbo litoke. Mjomba aliizunguka mikono nyuma, akauliza: "Na chai inakunywa?"

Tulifika kwa Bi mkubwa baada ya magharibi. Binamu akawasha taa ya ukutani, akauzunguka ubao wa mchagoni na simu, akipiga picha kutoka kila pembe. Kompyuta huzilinganisha picha hizo, ikatafuta alama zinazojirudia na kupima zilivyohama, kisha ikajenga umbo zima. Kinachotikisika hutoka ukungu au hakitoki kabisa. Kilichotulia hunakiliwa bila kubaguliwa.

Umbo lilipotokea kwenye skrini lilikuwa la kijivu tupu, majani juu ya majani. Binamu akachukua nusu ya kulia, akaipindua ikawa ya kushoto, maana samadari nzuri pande zake hulingana. Mtiki wa Longuza ukalazwa mezani, mashine ikaanza kunguruma, jirani akaanua nguo zake kukimbia vumbi.

Mimi kazi yangu ni msasa, na msasa hupigwa kwa vidole kuliko macho. Nilikuwa nimefika kwenye ua la pembeni, kidole kikapanda juu ya kitu chenye uti wa mgongo. Nikapuliza vumbi. Macho mawili yakanitazama. Mjusi kafiri, mkia wake, vidole vyake, kajilaza juu ya jani! Nikakimbilia upande wa kushoto: yuko mwenzake. Wanatazamana kama wachumba.

Sasa, nakshi yetu ya pwani ni maua, majani, minyororo. Fundi wa kizamani kiumbe chenye roho hakigusi. Na angekuwa hata kipepeo tungejitetea. Huyu ndiye tuliyefundishwa madrasa kwamba aliupulizia moto wa Nabii Ibrahimu uzidi kuwaka. Leo kaalikwa fungate!

Mjomba alivaa miwani, akainama, akainuka. "Astaghfirullah. Umri wangu wote sijachonga hata sisimizi."

"Mjomba, mashine haina kosa," binamu akasema. "Imechonga ilichokiona."

"Na haya haikuyaona?"

Kumkwangua tu haikuwezekana, kwani jani alilolifunika siku ya picha halikuchongwa. Pangebaki upara katikati ya bustani. Mjomba akachagua patasi zake nyembamba, akakaa nazo usiku kucha. Mkia ukawa kikonyo. Kichwa kikawa ncha. Vidole ndivyo vilivyomtesa, akavikata huku, akavirefusha kule, mpaka ikabidi tukubaliane kwamba ni jani la mpapai. Pacha wa kushoto naye akafanyiwa vivyo hivyo.

Bi mkubwa alikuja na mjukuu. Akapitisha kiganja kwenye ubao polepole, anayajua maua yale tangu alipoolewa yeye. Kiganja kikasimama.

"Fundi, jani hili kwangu halimo."

Binamu akaanza kuhesabu mabati ya dari.

"Lilikuwamo, Bi mkubwa," mjomba akajibu kwa adabu zote. "Siku ile ya picha lilikuwamo. Labda limehama."

Bibi alimkazia macho mpaka mimi nikaanza kutokwa jasho. Mjukuu ndiye aliyetuokoa: "Bibi, mbona hilo ndilo zuri kuliko yote!" Akataka kabati la nguo na meza ya kujipambia viwekwe jani hilohilo.

Walipoondoka, binamu akanong'ona kwamba mjusi ameshamfuta kwenye faili, hakubakisha hata ukucha.

Mjomba alikuwa akikunja futi yake. "Mrudishe," akasema.