Si kila mtu awe msimamizi, jamani

Kinachonikera ofisini kwetu hapa Mtwara ni kumpa kila mtu usimamizi wa eneo letu la kazi kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni tunakochakata data. Mtu akishindwa kufungua jedwali moja tu, badala ya kupewa ruhusa ya kulisoma, anakabidhiwa funguo zote! Keshokutwa anaingia kwenye mipangilio, anakuta klasta (kundi la kompyuta hizo) inajizima yenyewe ikikaa bila kazi, inamuudhi, anauondoa mpangilio huo. Hamwambii mtu. Klasta inakesha Ijumaa mpaka Jumatatu, haichakati chochote, na wenye wingu wanahesabu muda wote iliowaka, tena kwa dola.

Na hiyo saa je? Mtu anarudisha ratiba kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, basi kazi tuliyoipangia saa 12 asubuhi inaanza saa 3, wakati msimu huu wa korosho watu wanataka takwimu za maghala mapema, kabla ya mnada.

Wasimamizi wawili wanatosha kabisa. Waliobaki wapewe ruhusa kwa makundi, kila mtu na kazi yake, na anayetaka kugusa mipangilio ya wote aseme kwenye grupu kabla hajaigusa.