fsync ikisema hapana, kisha ikasema ndiyo

Programu ikikuambia faili limehifadhiwa, mara nyingi diski bado haijaguswa. Kilichotokea ni kwamba mfumo endeshi umepokea data, ukainakili kwenye RAM na kujibu "sawa". Kumbukumbu hugawanywa katika vipande vinavyoitwa kurasa, na ukurasa uliopokea data hiyo huitwa mchafu, yaani una maandishi ambayo diski haijayapata. Kwenye Linux ambayo mipangilio yake haijaguswa, kazi ya chinichini huamka kila sekunde 5 na kupeleka diskini kurasa zilizokaa chafu zaidi ya sekunde 30. Kompyuta inakuwa nyepesi kwa sababu ya utaratibu huu. Bila huo kila kuandika kungesubiri diski.

Sasa diski ikikataa, anaambiwa nani? Programu iliyoandika ilishajibiwa "sawa" kitambo, na huenda imeshafungwa. Ndiyo maana kuna mwito wa fsync: programu inaiambia kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, isirudi na jibu mpaka data ya faili fulani iwe imefika diskini. Watu wa hifadhidata wameuchukulia mwito huu kama kiapo kwa miaka mingi.

Machi 2018 Craig Ringer, mmoja wa wanaoijenga hifadhidata ya PostgreSQL, aliwaambia wenzake kwamba kiapo hicho hakisemi walichodhani kinasema. Kila baada ya muda PostgreSQL husawazisha mafaili yake ya data na diski kwa kuita fsync. Wakati huo, mwito ukishindwa, iliandika kosa kwenye logi na kujaribu tena baadaye. Ukifaulu mara ya pili, ilihesabu kazi imekwisha, ikaona haihitaji tena sehemu ya zamani ya WAL, lile daftari ambamo kila badiliko huandikwa kabla ya kuingia kwenye mafaili yenyewe. Kumbe kwenye Linux kufaulu kwa mara ya pili kulikuwa hakuthibitishi lolote.

Tuutazame ukurasa mmoja kwa karibu. Ni wa kilobaiti 4, na ndani yake kuna salio la akaunti lililokuwa 500. Programu inaandika 300. Ukurasa unakuwa mchafu. Kerneli inaupeleka diskini, diski inarudisha hitilafu, na ext4, mfumo wa mafaili unaotumika sana kwenye Linux, unafanya jambo ambalo ukilisikia kwa mara ya kwanza unadhani umesikia vibaya: unaupa ukurasa alama ya kuwa safi, kana kwamba umeandikwa. Programu inaita fsync na kupata EIO, hitilafu ya kuandika. Inaita tena. Kerneli inaangalia, haioni ukurasa mchafu hata mmoja, inajibu sifuri, yaani hakuna tatizo. Ukilisoma faili saa hiyo unaona 300, kwa kuwa unasomewa kutoka kwenye RAM. Baada ya saa moja RAM ikihitajika kwa kazi nyingine, ukurasa ule unatupwa, kwa sababu ukurasa safi hautupwi kwa masharti. Ukisoma tena unaona 500. Hakuna kosa lililotajwa mara hii. Salio limerudi nyuma kimyakimya.

Watu wa hifadhidata walikasirika, na ni rahisi kuona kwa nini. Lakini wahandisi wa kerneli nao walikuwa na hoja, na nadhani wengi walioandika juu ya mkasa huu waliipita haraka mno.

Ted Ts'o, mhandisi wa miaka mingi wa ext4, alieleza kwamba chanzo kikubwa cha hitilafu za aina hii ni mtu kuchomoa flashi kabla ya wakati. Fikiria ilikuwa ikipokea gigabaiti kadhaa. Flashi imeondoka, pengine haitarudi. Kerneli ikizishikilia kurasa zile zikiwa chafu ikingoja diski isiyokuwepo, zitakaa kwenye RAM mpaka mashine izimwe. Tena Linux ina kikomo cha kurasa chafu, kwa kawaida asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana. Kikijaa, kila programu inayoandika inasimamishwa isubiri, hata inayoandika kwenye diski nzima isiyo na kasoro. Mtu mmoja kachomoa flashi, mashine nzima imeganda. Kwa kompyuta ya mezani hilo ni balaa kubwa kuliko kupoteza faili ambalo mwenyewe kalipoteza kwa mkono wake.

Hoja yao ya pili ni ya kisheria. Kiwango cha POSIX, kinachoeleza miito ya mifumo ya aina ya Unix inavyopaswa kufanya kazi, kinasema fsync ikishindwa, hakuna uhakika kwamba shughuli zilizokuwa zikisubiri zimekamilika. Hakisemi kurasa zitunzwe. Hakisemi ukirudia utapata nafasi nyingine. Waliojenga mazoea ya kurudia waliyajenga juu ya kitu ambacho hakikuandikwa popote. Na ya tatu ilisemwa kwa mshangao zaidi kuliko hasira: kama data yako ni ya thamani hivyo, kwa nini unaipitisha kwenye kashe ya kerneli, yaani zile kurasa za RAM? Kuna njia ya moja kwa moja, O_DIRECT, ambapo hitilafu ya diski inarudi kwa yule yule aliyeandika, palepale. Hifadhidata nyingine zinaitumia tangu zamani. PostgreSQL ilipenda kuiachia kerneli kazi ya kashe, na hata katika toleo la 16 la mwaka 2023 njia hiyo ya moja kwa moja iliingizwa kama kipengele cha majaribio tu.

Nikipima, hoja ya flashi naikubali yote. Hoja ya POSIX naikubali nusu. Ni kweli kiwango hakikuahidi, lakini kutoahidi si ruhusa ya kujibu lolote. Mtu akiuliza "data yangu imefika?" na jibu sahihi ni "haikufika na sinayo tena", basi kumjibu "sina kitu cha kuandika" kunaweza kuwa kweli kwa herufi, ila muulizaji anaondoka na uongo mkononi. Kutupa data ambayo haina pa kwenda ni uamuzi wa lazima wakati mwingine. Kufuta rekodi ya kwamba umeitupa ni uamuzi mwingine kabisa, na flashi haiwezi kusingiziwa huo: alama ya hitilafu kwa faili moja ni biti chache, haijazi RAM ya mtu.

Na kwa kweli kiini cha ugomvi kilikuwa hapo kwenye alama. Kabla ya Linux 4.13, iliyotoka Septemba 2017, kila faili lilikuwa na alama moja tu ya hitilafu, na wa kwanza kuiuliza aliichukua na kuifuta. Kama michakato miwili ilikuwa na faili moja wazi, mmoja ulipata taarifa, mwingine ukaambiwa heri. Mchakato wa pembeni usiojua lolote kuhusu data ile ungeweza kuita fsync, kupokea kosa lisilouhusu, na mwenye data asijue. Ni sawa na barua ya msiba kukabidhiwa kwa yeyote atakayefungua mlango.

Jeff Layton, mhandisi wa kerneli, alibadilisha hilo katika 4.13. Badala ya alama ya kufutwa, faili likapewa kihesabu cha hitilafu, na kila anayelishika wazi anakumbuka kihesabu kilikuwa wapi alipouliza mara ya mwisho. Kikiwa kimesogea, anaambiwa. Kila mmoja anapata taarifa yake walau mara moja. Ila PostgreSQL ina tabia ya kuwa na michakato mingi inayofungua na kufunga mafaili, na ule unaoita fsync huenda umelifungua faili baada ya hitilafu kutokea. Kwa huo, kihesabu kilianzia pale kilipokuwa tayari, kwa hiyo haukuona kitu. Baada ya kelele za 2018 kerneli ikarekebishwa tena: kama hitilafu haijawahi kuambiwa mtu yeyote, atakayelifungua faili wa kwanza ataambiwa. Bado kuna tundu. Kihesabu kinakaa kwenye kumbukumbu pamoja na maelezo ya faili, na kama hakuna aliyelifungua na RAM ikabana, maelezo hayo yanaweza kuondolewa, nayo taarifa ikaenda nayo.

Wanaosema kwamba haiwezekani kufanya vingine hawana pa kujificha, maana FreeBSD, mfumo endeshi mwingine wa ukoo wa Unix, inafanya vingine. Kuandika kukishindwa, ukurasa unabaki mchafu, na fsync inaendelea kushindwa mpaka data ifike au kifaa kitoweke kabisa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayojibu hoja ya flashi: kifaa kilichochomolewa kinatofautishwa na kifaa kilichopo ila kinakataa kwa muda, kwa mfano hifadhi ya mtandao iliyokatika dakika mbili au diski ya mgao iliyojaa ambayo msimamizi anaweza kuiongezea nafasi. Linux imewaweka wote kapu moja. Hata hivyo nisiwatetee FreeBSD kupita kiasi. Kurudia kuandika kwenye diski inayokufa hakuifufui, na programu inayozunguka ikijaribu tena na tena inaweza kumchelewesha msimamizi kujua kwamba anahitaji diski nyingine.

PostgreSQL yenyewe iliishia wapi? Februari 2019, katika matoleo ya 11.2 na wenzake wa matawi ya nyuma, iliacha kurudia. fsync ya faili la data ikishindwa sasa, seva nzima inajiangusha kwa makusudi, kisha inaamka na kuyajenga upya mabadiliko kutoka kwenye WAL. Kuna kipengele cha data_sync_retry kwa anayeamini mfumo wake endeshi unatunza kurasa, nacho huja kikiwa kimezimwa. Hifadhidata nyingine nazo zikaelekea huko huko kwenye kujiangusha. Ukilitazama kwa jicho la mtumiaji linaonekana jambo la kikatili, seva kuanguka kwa sababu ya kurasa chache. Mimi naliona la haki: mwenye daftari anaweza kumudu kuanguka.

Lakini hata hapo si salama kabisa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison walichunguza mifumo ya mafaili ya ext4, XFS na Btrfs pamoja na programu 5, zikiwemo PostgreSQL, SQLite na Redis, na wakaona hakuna mbinu hata moja kati ya zilizotumiwa inayotosha kuzuia upotevu wa data. Mojawapo ya sababu ni ule ukurasa wetu wa 300: programu inaanguka, inaamka, inasoma faili ili ijue ilipofikia, na inasomewa kutoka RAM maandishi ambayo diski haina. Inajenga upya juu ya kivuli. Btrfs ilionekana tofauti kwa kuwa hitilafu ikitokea inarudisha faili kwenye hali ya zamani, hata katika RAM, ila hilo nalo lina mitego yake kwa programu isiyolitarajia.

Sasa toka kwenye hifadhidata, maana wao wana WAL na wahandisi wa kubishana. Programu ya kawaida ina nini? Amri ya cp haiiti fsync kabisa. Inanakili, inapata "sawa" za kerneli, inarudi. Mwito wa sync, unaosukuma kila kitu diskini, haurudishi jibu lolote, kwa hiyo kimaumbile hauwezi kushindwa. Mwenzake wa syncfs, unaoshughulikia mfumo mmoja wa mafaili, ulianza kuripoti hitilafu za kuandika data kwenye Linux 5.8, mwaka 2020. Kabla ya hapo ulikuwa ukirudi na heri huku kurasa zimepotea. Taarifa ya kweli iko kwenye logi ya kerneli: mstari mmoja unaotaja jina la kifaa, namba ya kitalu, na kwamba ukurasa umepotea. Jina la faili halimo. Mwenye faili hafungui logi ile, na akiifungua haitamwambia ni picha ipi.

Windows hapa imewashinda wote kwa njia moja ya kizamani. Uandishi uliocheleweshwa ukishindwa, hutoa ujumbe kwenye skrini unaolitaja faili na kusema wazi kwamba data imepotea. Watu wamezoea kuuchukia ujumbe huo, na programu iliyoandika inaweza kuwa haijui chochote bado. Lakini unamfikia binadamu, naye ndiye pekee katika mnyororo huu anayeweza kuwa bado ana nakala ya awali ya faili mkononi.

Kwa yeyote anayenakili kitu cha maana kwenda kwenye flashi akiwa Linux, tangu toleo la 8.24 la coreutils, furushi la amri za msingi, la mwaka 2015, amri ya sync inakubali jina la faili, na ukiitumia hivyo inaita fsync na kurudisha jibu linaloweza kusomwa. Usiirudie ikikataa, nakili upya. Na ukitaka kulinganisha nakala na asili kwa sha256sum, amri inayokokotoa namba ya utambulisho kutokana na yaliyomo kwenye faili, ichomoe flashi kwa utaratibu kwanza, uichomeke tena, ndipo upige hesabu. Ukiipiga kabla ya hapo, huenda unalinganisha RAM na RAM.