Lugha ya kubuni: ifungwe au iachwe wazi?

Kila kikundi cha wanaojifunza lugha ya kubuni, yaani iliyotungwa kwa makusudi na mtu au watu, hufikiwa na siku ile mwanafunzi wa miezi mitatu anaponyoosha mkono na kusema: kanuni hii ni mzigo, tuibadilishe. Tatizo ni kwamba mara nyingi anasema kweli.

Tuchukue kiambishi -n cha Kiesperanto, lugha ya kubuni ya Zamenhof, kinachobandikwa kwenye shamirisho, yaani anayetendewa. "La hundo mordas la katon", mbwa anamuuma paka. Ukigeuza ukasema "la katon mordas la hundo", anayeumwa bado ni paka. Anayetoka katika lugha inayotegemea mpangilio wa maneno huisahau -n hiyo kila mara. Wanamageuzi walioleta Ido, Kiesperanto kilichorekebishwa, mwaka 1907 walitaka ibaki pale tu shamirisho linapotangulia kiima, yaani mtendaji. Waliondoa pia herufi zenye kofia kama ĉ na ŝ, zilizowasumbua wapiga chapa. Kusema haki, hoja zao zilikuwa na uzito.

Lakini waliohamia Ido walikuwa watu wa kurekebisha, na marekebisho hayakuisha, hata mwaka 1914 ikabidi itangazwe miaka 10 ya utulivu. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark aliyekuwa katika kamati iliyoizaa Ido, alitoa lugha yake mwenyewe, Novial, mwaka 1928. Fikiria mwalimu hapo: somo la nne linageuka kosa kabla wanafunzi hawajalifikia.

Kufunga kanuni nako kuna hatari yake. Volapük, lugha ya kubuni ya padri Mjerumani Johann Martin Schleyer, ilikuwa na wafuasi wengi miaka ya 1880. Akademia yake ilipotaka kuirahisisha, Schleyer alishikilia kuwa neno la mwisho ni lake. Baada ya kongamano la Paris la 1889 watu wakagawanyika, wengi wakaondoka. Lugha iliyofungwa mikononi mwa mtu mmoja hudumu kadiri watu wanavyomvumilia mtu huyo.

Kiesperanto kilifunga kwa namna nyingine. Mwaka 1905, huko Boulogne-sur-Mer, ilikubaliwa kwamba Fundamento, yaani sarufi ya kanuni 16, mazoezi na kamusi, haibadilishwi na yeyote, hata Zamenhof mwenyewe. Neno jipya, hata hivyo, laweza kuishi kando ya la zamani. Likizoeleka, la zamani huchakaa bila kuitwa kosa. Gharama ipo. Baba ni "patro", na mama ni "patrino", yaani baba aliyeongezewa -in- ya kike. Wengi leo jambo hili linawakera, na wana sababu, lakini msingi haukuguswa.

Pamoja na hayo, mimi naegemea kufunga, ila si kila kitu. Kabla ya darasa la kwanza, sarufi na mizizi kama 500 viandikwe na vigandishwe kwa muda uliotajwa. Watu wa Lojban, lugha nyingine ya kubuni, walijiwekea angalau miaka 5 kuanzia 1997. Msamiati zaidi ya hapo uachwe wazi, kwa sharti moja: anayeleta neno alete pia maandishi mafupi yanayolihitaji. Wengi hugundua wanapoandika kwamba mizizi iliyopo ingetosha. Toki Pona, lugha ya kubuni yenye maneno kama 120 tu, huita gari "tomo tawa", chumba kinachosafiri.

Mapendekezo ya kubadili kanuni yapewe siku yake, mbali na kikao cha mazungumzo. Yakichanganywa, wazoefu watajadili lugha kwa saa nzima katika lugha yao ya kila siku, na mgeni atarudi nyumbani bila kutamka sentensi hata moja. Katika kikao chenyewe, sahihisha kosa moja tu kwa kila zamu ya kusema, lile lililoficha maana. Aliyesema "la hundo mordas la kato" ameeleweka. Mwache amalizie habari ya mbwa wake.