Njaa ya Waliopanda Ndege

Mimi ndege naiona ikipita juu ya Kipawa. Kuipanda sijawahi, pasipoti sina, na safari yangu ndefu kuliko zote ni ya Ifakara, kwa basi, kwenye msiba wa babu. Lakini nioneshe mtu mwingine hapa Dar es Salaam anayehangaishwa na njaa ya waliopanda ndege kunizidi. Aliyetoka Ulaya akahamia Masaki anataka vya Ulaya: dereva ni mimi. Aliyetoka Temeke akahamia Ulaya anataka vya Temeke: wa kutumwa ni mimi. Na ukiwauliza maisha vipi huko waliko, wote jibu lao moja, "Huku kuna kila kitu."

Kuna kila kitu! Sasa mbona mafuta yangu ndiyo yanaisha?

Kijiwe changu kipo Namanga, Msasani. Bajaji ni ya tajiri, hesabu inatakiwa kila jioni, mvua inyeshe jua liwake. Ukikaa Namanga unawajua wazungu kwa matumbo yao. Mjerumani anatafuta mkate mweusi, mgumu, ambao ukimrushia kibaka unapelekwa Oysterbay polisi kwa kesi ya kuua. Mfaransa anataka jibini iliyooza kwa utaratibu. Ikiwa haijaoza anarudisha, ikiwa imeoza vibaya anarudisha pia. Mmarekani anataka siagi ya karanga. Si kwamba haipo. Ipo ya hapa hapa, karanga za Dodoma, imesagwa ikasagika. Hapana, anataka ya kwao, yenye sukari. Hebu fikiria: Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao, wakamwaga mamilioni ya pauni kulima karanga, ardhi ikawakatalia, 1951 mradi ukazikwa. Leo karanga zinauzwa mpaka kwenye foleni ya magari makutano ya Morocco, hapa hapa Dar, unapitishiwa dirishani, na huyu anazunguka mji mzima kutafuta zilizokuja na meli.

Wakongwe wa Masaki wana maduka yao marehemu, wanayataja kwa huzuni kabisa. Shoprite iliuza na kuondoka 2014, Nakumatt ikachukua, nayo ikaja kuanguka. Uchumi ikafunga 2015. Kila duka likifa, mimi njia ya jibini inarefuka. Zamani ilikuwa unampeleka mtu sehemu moja anamaliza. Siku hizi mkate upande wa Slipway, siagi barabara ya Haile Selassie, na lile jibini lenye ukungu eti kuna mama mmoja anauza nyumbani kwake, geti jeusi, ukifika usipige honi.

Halafu wana neno lao: "Dakika tano." Dakika tano za mzungu dukani ni za kusoma maandishi nyuma ya makopo. Wanasoma! Mimi niko nje kwenye jua la Januari, shati limenigandia mgongoni, yeye ndani kwenye kiyoyozi anahakikisha siagi ina nini. Anatoka na vitu viwili, na risiti nikiichungulia ni hesabu yangu ya siku, pamoja na ya kesho.

Mteja wangu wa kudumu ni bwana mmoja Mwingereza, mtu wa Nottingham, anakaa karibu na barabara ya Chole. Kiswahili chake cha darasani, safi kuliko changu. "Ndugu dereva, leo ningependa tuelekee kutafuta chai." Chai! Mufindi kuna chai, Rungwe kuna chai, Lushoto kuna chai, na yeye katoka nchi ambayo chai inaletwa na meli. Nikamwambia bosi, chai hii hapa dukani kwa Mangi, pakiti imejaa. Akanijibu kwa upole kwamba ya hapa ni nzuri sana, ila "siyo ile". Hiyo "siyo ile" ndiyo inayosomesha wanangu, kwa hiyo sikubishana. Tukazunguka.

Siku aliyopata Marmite, kitu chao cha kupaka kwenye mkate, alitoka dukani amekumbatia kichupa, akapanda bajaji anaimba. Kichupa cheusi, kifuniko cha njano. Akanionjesha palepale kwenye taa za Morocco, kwenye ncha ya kijiti. Ndugu zangu, inafanana na ile grisi tunayopaka kwenye beringi, ila grisi haijazidi chumvi. Nikauliza imetengenezwa na nini. Akaeleza kwa fahari: ni hamira inayobaki kiwandani wakishapika bia, wanaitengeneza mji unaitwa Burton tangu 1902. Yaani machicha! Kwetu Ifakara machicha ya pombe wanapewa nguruwe, na sijawahi kuona nguruwe akiimba.

Huyo ni aliyekuja. Sasa sikia ya aliyekwenda.

Dada yangu wa tumbo moja, mtoto wa Temeke Mikoroshini, yuko Leicester anatunza wazee. Mji wenyewe si wa kulia njaa. Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walihamia pale kwa wingi, wakaungana na wengine waliotoka Kenya na hapa hapa kwetu, wakafungua maduka. Mihogo ipo, ndizi mbichi zipo, bamia zipo, unga wa mahindi upo. Sikuambiwa na mtu wa pembeni, ameniambia mwenyewe. Nikamwambia basi dada, nunua hapo. Akanyamaza, kisha akasema, "Mdogo wangu, ule unga hauna harufu ya mashine."

Harufu ya mashine! Yaani niende Manzese kwenye mashine ya kusaga, nipange foleni na kina mama, nibebe dona la moto, lipande ndege, kwa sababu ya harufu ambayo mimi nikirudi nayo nyumbani mama watoto ananiambia nikaoge.

Maagizo yanakuja kwa sauti, WhatsApp, saa sita usiku. Kwake ni saa tatu, ametoka kazini, amekula mkate, moyo umemtuma nyumbani. "Mdogo wangu umelala?" Hapana dada, nilikuwa nakusubiri. "Dagaa wawe wa Kigoma. Usiniletee wa Mwanza, wana mchanga." Mchele uwe wa Kyela. Ubuyu wa Zanzibar, mwekundu wa kuchafua ulimi. Iliki, mdalasini wa vijiti, korosho. Majani ya chai ya hapa, eti ya Uingereza "siyo ile". Hapo nilikaa kitandani kabisa. Mmoja yuko Chole analilia chai ya kule, mwingine yuko kule analilia chai ya huku. Si wabadilishane funguo za nyumba, mimi nilale?

Kununua kwenyewe ananunua yeye, macho tu ndiyo yangu. Ananipigia video nikiwa katikati ya Kariakoo, bando langu, simu nimeinyanyua juu kama nawaita vibaka. "Geuza huko. Huo mchele umechanganywa. Mwambie nimeuona." Muuzaji anamsikia, anakasirika, anaanza kubishana na simu. "Dada, huu Kyela halisi!" "Kyela gani punje fupi hivyo? Mdogo wangu, tafuna!" Nikatafuna mchele mbichi mbele za watu. "Unanukiaje?" Nitajuaje unavyonukia, nimesimama kwa muuza dagaa! Mzee mmoja wa kubeba mizigo akaniangalia, akatikisa kichwa, akapita.

Khanga ndiyo balaa kubwa zaidi. Mtaa wa Uhuru maduka ya khanga yamepangana, na mwanaume ukiingia peke yako wanakuona umekosana na mtu unakwenda kuomba radhi. Dada rangi hataki kujua. Anataka jina. Kuna mwanamke huko Leicester, Mtanzania mwenzake, mke wa binamu wa shemeji, wana lao la tangu harusi fulani. Kwa hiyo mimi nisimame pale kaunta, nifunue doti moja moja, nimsomee maneno kwa simu mpaka apatikane mwenye kumchoma huyo mama anayekaa Ulaya. "Wema hauozi." "Huyo mpole sana, endelea." "Hasidi hana sababu." "Hapo! Chukua doti mbili, moja nitamzawadia." Akina dada wa dukani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikauziwa kwa punguzo.

Kufungasha nako ni shughuli. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, nami ni raia mwema, kwa hiyo dagaa ninawaviringishia magazeti, kisha kiroba, kisha gundi ya karatasi, na bado wananukia mpaka kwa jirani wa tatu. Nikajaribu kumtisha dada kwamba watamkamata mtu uwanjani kule. Kumbe kasoma sheria yote. "Nyama na maziwa hawataki. Samaki mtu anaruhusiwa kuingia nao mpaka kilo 20." Kilo ishirini za dagaa, dada? "Nimekwambia sheria, sijakwambia niletee zote." Lakini alivyolitamka lile "zote" nilijua moyo umeshaanza kupiga hesabu.

Na mbebaji anatafutwa. Kila mara kuna "dada mmoja anarudi Jumamosi, ana nafasi ya kilo nane". Dada huyo sijamwona maishani. Nafika Uwanja wa Julius Nyerere, lile jengo la tatu, mzigo uko mabegani, namkuta na yeye kashapewa vya watu wengine: kuna wa unga wa muhogo, kuna wa asali ya Tabora, kuna aliyeleta kinu kidogo na mchi wake. Begi linasoma kilo 31, mwisho 23. Linafunguliwa sakafuni, mbele ya foleni, linaanza bunge la nani apunguze. Mwenye kinu alilia. Mimi nilitetea dagaa kwa hoja zote nilizokuwa nazo, tukaafikiana mdalasini ubaki. Nikarudi nao Temeke. Mpaka leo kwetu hata maharage yana mdalasini.

Basi Desemba iliyopita Mwingereza wangu akanijia na jambo jipya. Anakwenda kwao Krismasi, kule baridi kali, na hana koti. Alihama nalo, likaliwa na ukungu kabatini. Maduka ya Masaki kaptula zimejaa, koti hakuna. "Ndugu dereva, mtu wa hapa akihitaji koti zito huenda wapi?" Nikamwambia bosi, panda.

Karume, soko la mitumba. Mchana. Desemba. Jua limetulia kichwani, mabelo yanafunguliwa, vijana juu ya meza, "Chagua buku! Chagua buku!" Walivyomwona mzungu bei ya kila kitu ikapanda yenyewe. Makoti yapo, tena mazuri, huwa yanasubiri watu wa Njombe na Makete. Kijana akamvisha moja la sufu, zito, mpaka magoti. Akafunga vifungo vyote. Watu wakaanza kukusanyika. Mzungu amekuwa mwekundu, jasho linachuruzika, anajigeuza kwenye kioo kilichopasuka anauliza, "Linanikaa?" Mama ntilie kaacha sufuria, "Muongezee kofia!"

Kisha akasoma lebo kolani. Marks & Spencer, duka la kwao. Mtu mzima alibadilika uso. Akasema baba yake alikuwa na la namna hiyo, rangi hiyo hiyo. Akaingiza mkono mfukoni akatoa tiketi ya basi ya huko kwao. Nilianza kuogopa asije akakuta jina la mzee wake, ikawa kesi ya mirathi. Kumbuka mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe ndani ya miaka mitatu. Wangefanikiwa, huyu angepanda ndege na shuka.

Kijana akataja elfu tisini. Nikamvuta pembeni, nikamkumbusha kwamba Makete ni mbali na koti analo tangu Juni. Tukamalizana elfu ishirini na tano. Mzungu alitaka kulipa tisini, kasema "ni haki yake". Hao ndio wanatuharibia soko.

Njiani, koti liko mapajani, akaanza na yeye kuagiza. Anataka kahawa ya Bukoba, kitenge cha mama yake, pilipili ya chupa, na korosho, kwa sababu akiwa kwao anavikumbuka sana. Nikashusha pumzi. Nikauliza tu, kwa heshima, Nottingham na Leicester ni mbali? Akasema hapana, treni haifiki saa nzima. Na sanduku lako bosi, lina uzito gani? Akasema karibu tupu, vitu vyake vingi viko kwa mama.

Bajaji niliiegesha pembeni, chini ya mwarobaini. Kilo ishirini na tatu, hana bunge, hana kinu cha mtu! Nikamwambia nina dada yangu huko, nina kifurushi kidogo cha samaki wakavu, wa Kigoma, sheria ya kwenu inaruhusu mpaka kilo 20. Akafikiri, akavuta koti lake, akaniuliza taratibu kama hao samaki wana harufu.

Mtu anayekula Marmite, ananiuliza mimi habari za harufu!